Tiki Tisa Kwenye Daftari la Seva

Kila siku saa kumi alasiri, wenzangu walipokimbilia uwanjani, mimi nilielekea chumba cha kompyuta nikiwa na ufunguo shingoni na uso wa mtu aliyekabidhiwa siri za dola. Nilikuwa kiranja wa seva. Cheo hicho hakikuwahi kuwapo shuleni kwetu kabla yangu, na karibu kifutwe kwa sababu yangu.

Seva, yaani kompyuta kuu ya shule, ilikaa katika kijichumba kisicho na dirisha, nyuma ya darasa la kompyuta. Ndani ya seva mliishi kompyuta nyingine isiyo na mwili. Mwalimu wetu aliiita mashine pepe: haina kioo wala waya, ni faili moja kubwa tu linalojifanya kompyuta, kama vile baadhi yetu tulivyojifanya wanafunzi. Lakini kazi zetu zote zilihifadhiwa humo. Faili hilo likiharibika, zote zinaharibika pamoja.

Ndiyo maana kila alasiri nilitakiwa kuizima mashine pepe kwa utaratibu, kuinakili kwenye diski ndogo yenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kisha kuiwasha tena. Mwisho niandike tarehe kwenye daftari lililoning'inia msumarini na kutia tiki mbele ya maneno haya: "Imenakiliwa." Daftari lilikuwa la lazima, kwa kuwa saa ya seva ilikufa zamani. Tarehe zake zilikuwa za kubahatisha, na hakuna aliyeziamini.

Kunakili kulichukua dakika hamsini. Mpira nao ulichukua dakika hamsini. Mnaona wenyewe jinsi nilivyobanwa. Kwa siku tisa mfululizo nilitia tiki, nikafunga mlango, nikaenda kucheza namba saba.

Tena nilikuwa na mradi wa pili. Chini ya meza ya seva kulikuwa na betri ya akiba, iliyowekwa ili umeme ukikatika tupate dakika kumi za kuzima kila kitu salama. Ukichomoa plagi yake ukutani, betri hulia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni. Niliwaeleza wanafunzi wapya, kwa sauti ya majonzi, kwamba katibu muhtasi mmoja alifia humo akichapa barua, na kwamba barua haijaisha. Kisha nilijipenyeza ndani na kuchomoa plagi. Walikimbia wakiacha viatu.

Jumatano ile, baada ya chakula cha mchana, nilichomoa plagi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwanafunzi mmoja mpya alikuwa ameanza kusali kwa sauti, nikaona si adabu kumkatiza. Alipomaliza nikairudisha plagi, nikaondoka nikicheka. Sikufikiri kwamba kila kilio kilikuwa kinanyonya nguvu ya betri.

Kufikia saa tisa mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa. Darasani kulikuwa na giza la ajabu, nyuso zetu zikiwa na rangi ya bluu ya vioo. Rafiki yangu, tuliyemwita Kamusi kwa ugonjwa wake wa kusahihisha watu, alikuwa akichapa ripoti ya mradi wake kuhusu uchafu wa maji ya matangi ya bweni. Miradi ya darasa zima, arobaini na mmoja, ilitakiwa kutumwa kwa watahini kesho yake saa mbili asubuhi. Kamusi aliugua mwaka uliotangulia akakosa kutuma wake, akarudia darasa. Hakukuwa na kurudia mara ya pili.

Radi ilipiga. Vioo vyote vikazimika kwa pamoja.

Kisha, nyuma ya mlango, betri ikaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikilia bila mkono wangu, na nywele za shingo zilinisimama.

"Kiranja, kazime!" mwalimu alipaza sauti. "Tuna dakika kumi!"

Nilifungua kijichumba. Betri ililia mara ya pili, ya tatu, ikanyamaza. Feni ya seva ilizunguka polepole, polepole zaidi, ikasimama. Sijawahi kusikia kimya kizito kama kile.

"Dakika kumi zimekwenda wapi?" mwalimu aliuliza gizani.

"Labda ni mvua, Mwalimu," nilijibu.

Umeme ulirudi baada ya saa nzima. Seva iliamka. Mashine pepe haikuamka. Mwalimu aliiwasha mara mbili, na mara zote mbili kioo kilibaki cheusi, chenye mstari mmoja mweupe: diski haisomeki. Kamusi aliusoma mstari ule, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akausoma tena. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusahihisha.

Mwalimu alimpigia simu fundi. Fundi mwenyewe ni shangazi yangu, aliyenipigia debe nipewe ufunguo ule. Mimi nina jina la marehemu baba yake, kwa hiyo huniita baba, hata anaponivuta sikio.

Alifika amelowa, begi kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Nani kaigusa tangu umeme urudi?"

"Nimeiwasha mara mbili," mwalimu alisema.

"Basi ya tatu isiwepo." Mwalimu akaficha mikono nyuma, kama sisi tunavyofanya mbele yake.

Shangazi alichukua daftari msumarini. "Jana, imenakiliwa. Juzi, imenakiliwa. Na mwandiko unasomeka! Jamani, kazi imekwisha kabla haijaanza. Seva haina nafasi ya kuziweka zote mbili, kwa hiyo nafuta hii iliyoharibika, naweka ya jana mahali pake. Mtapoteza kazi ya leo tu."

Darasa zima lilishusha pumzi. Kamusi alinipiga begani. "Kurasa mbili tu! Nitazichapa tena usiku huu huu. Kumbe ulikuwa unafanya kazi kweli, ndugu yangu. Mimi nilidhani unakwenda mpirani."

Shangazi alichomeka ile diski ya sabuni. Kioo kikauliza: futa kabisa? Ndiyo, hapana. Kidole chake kilielekea kwenye kitufe.

Nilitamani radi ipige tena. Nilitamani yule katibu muhtasi atokee kweli, anichukue. Hakuna kilichotokea. Kidole kikaendelea kushuka.

"Shangazi, usibonyeze!"

"Kwa nini?"

"Nakala si ya jana."

"Ya lini?"

"Ina... ina siku kumi."

Sikuthubutu kumtazama Kamusi, lakini niliuhisi mkono wake ukiondoka begani mwangu.

"Tiki hizi tisa?" Shangazi aliuliza.

"Ni za uongo."

"Na betri? Niliiweka mpya mwezi jana. Haiwezi kufa kwa vilio vitatu."

Nikasema na hilo, mpaka yule aliyesali. Mwalimu alinitazama kwa jicho lililonieleza kwamba hata yeye alikuwa ameacha kuingia kijichumba kile peke yake.

Shangazi hakufoka. Alichomoa diski ya sabuni taratibu, akatoa nyingine kubwa kutoka begini. "Kaa hapa, kiranja," aliniambia. Hakusema baba. "Kwanza tunamnakili mgonjwa jinsi alivyo, na majeraha yake yote. Kisha tunamtibu pacha wake. Pacha akifa mikononi mwetu, mgonjwa mwenyewe bado tunaye."

"Na umeme ukikatika tena?" mwalimu alinong'ona. "Betri haina kitu."

"Usiulize, Mwalimu."

Kunakili kulichukua dakika hamsini. Nilikaa nikiutazama mstari wa kijani ukijaa, kila dakika mojawapo ya zile nilizokataa kuzitoa kwa siku tisa. Nje mvua ilichapa mabati. Mara taa zilififia, zikawa nyekundu kama makaa, na darasa zima likashika meza. Zikarudi.

Mstari ulipojaa, Shangazi alichomeka flashi yenye programu ya ukarabati na kumwamsha yule pacha kwa kutumia hiyo. Programu ilitembea ndani ya diski ikitaja majeraha: mia moja, mia mbili, mia tatu na kumi na mawili. Aliiamuru iyashone. Kisha akaitoa flashi na kuiwasha mashine pepe isimame kwa miguu yake. Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi muda mrefu mno. Halafu pakatokea dirisha dogo likiomba neno la siri, na mwalimu akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwapo, bahati yake.

Tulifungua miradi mmoja mmoja. Arobaini ilikuwa mizima. Wa Kamusi ulifunguka ukiwa mtupu, kwa sababu ndio uliokuwa ukiandikwa umeme ulipokatika.

"Kwenye nakala ya zamani upo," Shangazi alisema baada ya kutafuta. "Kurasa kumi na saba."

"Nilikuwa na ishirini na sita," Kamusi alisema kwa sauti ndogo.

"Vipimo unavyo kwenye karatasi?"

"Ninavyo."

"Basi wewe utasoma. Wa kuchapa tunamjua."

Kamusi alinisomea jioni ile na tena alfajiri. Alisoma polepole, akitamka kila koma, na nilipokosea herufi moja alinifanya nirudie mstari mzima. Sikulalamika. Tulituma saa mbili kasoro robo. Hapo ndipo alipozungumza nami neno lisilo la matangi. "Ukanipokelee uji," alisema. "Mwingi."

Shangazi alirudi asubuhi hiyo kuikagua betri. Alinipa kalamu na lile daftari. Nilikata tiki zangu tisa, na mbele ya kila moja nikaandika: "Haikunakiliwa." Ufunguo alikabidhiwa Kamusi, nami nikaamriwa kukaa naye dakika hamsini kila alasiri hadi muhula uishe.

"Sikiliza," Shangazi alisema akilirudisha daftari msumarini. "Hili halikuwekwa hapa ili mwalimu afurahi. Ni barua kwa mtu atakayeingia chumba hiki siku mambo yameharibika. Hakujui, hana wa kumuuliza, ataamini ulichoandika. Jana mtu huyo nilikuwa mimi, na kwa uongo wako nilikuwa nafuta jasho la watoto arobaini na mmoja. Ulisema kweli umechelewa, lakini ulisema kidole kikiwa bado hewani. Siku nyingine usingoje kidole."

"Ndiyo, Shangazi."

Alifunga begi, akafika mlangoni, akageuka.

"Na wale wanafunzi wapya ukawaombe radhi leo hii, baba."

Niliwaomba. Niliwaeleza habari yote ya plagi na betri. Hakuna aliyeniamini hata mmoja, na mpaka leo hupita mbele ya mlango ule wakikimbia.