Damu Safi ya Dereva wa Kreni

Saa nne na robo asubuhi, shehena ya matofali iliponyoka kutoka kwenye kreni ikamvunja kibarua mguu. Wenzake walipanda ngazi wakiwa na matusi mdomoni. Walimkuta dereva amelalia vyuma vya kuongozea, macho wazi, na matusi yakawaishia hapohapo.

Kesi alipewa mpelelezi wa makamo ambaye kituoni walimwita Mama Kwanini, jina alilolipata kwa haki kabisa. Alianzia chumba cha maiti.

"Moyo," daktari alisema. "Mishipa imeziba kwa mafuta."

"Kwa nini basi mmeniita?"

"Wiki iliyopita kampuni iliwapima damu madereva wote wa mitambo, kuona nani yuko hatarini kupata ugonjwa wa moyo. Majibu ya huyu yalitoka safi kama ya mtoto." Daktari aligusa kope la marehemu. "Sikatai, mtu anaweza kuwa na majibu mazuri na mishipa ikaziba. Lakini ona vinundu hivi vya mafuta. Vingine viko kwenye kano ya kisigino. Mwenye hivi hawezi kuwa na lehemu, yaani mafuta ya damuni, ya chini namna ile. Hiyo si damu yake."

Mhandisi wa ujenzi alimpokea kwa saa mkononi na uso wa mtu anayecheleweshwa.

"Ulitaka apite kipimo ili ujenzi usisimame?"

"Usimame kwa nini? Nina madereva wawili wanaosubiri kiti chake. Angefeli, ningempandisha mwingine siku hiyohiyo." Akagundua alichosema kuhusu maiti isiyozikwa bado, akatazama chini. Mtu wa hovyo, Mama Kwanini aliwaza, ila hana sababu ya kudanganya.

Kwenye maabara, fundi wa vipimo alikuwa amewaka kwa hasira.

"Mama, ningetaka kudanganya, si ningebadilisha namba kwenye kompyuta tu? Ya nini nihangaike kutafuta damu ya mtu mwingine?"

"Hapo umesema. Ile damu bado ipo?"

Ilikuwepo, kwa kuwa maabara haikumwaga sampuli kabla ya wiki mbili. Fundi alitoa vichupa viwili kwenye friji, vyote vikiwa na jina la marehemu: cha kifuniko chekundu kwa kupima mafuta, cha zambarau kwa kupima sukari. Mama Kwanini akaomba kila kimoja kipimwe kundi la damu. Cha zambarau kilikuwa A chanya, sawa na maiti. Chekundu kilikuwa O hasi.

"Havikutoka kwenye mkono mmoja," fundi alinong'ona.

Basi kichupa kilibadilishwa kabla ya kufika maabara, na aliyekibadilisha hakuwa na njia ya kugusa majibu. Alichoweza kugusa ni damu yenyewe. Damu ilitolewa kwenye zahanati ndogo pale pale kwenye ujenzi.

Mama Kwanini alirudi huko. Nje ya zahanati, kofia ngumu zilining'inia kwenye misumari, kila moja imeandikwa kwa nyuma kundi la damu la mwenyewe, ili ajali ikitokea muda usipotee. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine. O hasi ilikuwa moja tu, nyeupe, ya muuguzi.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Msibani," kibarua alijibu. "Marehemu ni shemeji yake. Mke wa marehemu ndiye dada yake."

Alimkuta muuguzi sebuleni kwa mjane, akipanga viti. Watoto walikuwa kwa jirani.

"Kichupa chekundu kina damu yako," Mama Kwanini alisema. "Cha zambarau ulikiacha. Kwa nini?"

Muuguzi aliweka kiti chini taratibu. "Sukari yake haikuwa na shida. Sikudhani kuna mtu angevilinganisha."

"Umefanya nini, mdogo wangu?" mjane aliuliza.

"Nilishampima kwa tone la kidole, dada. Namba ilinitisha. Wangemshusha kwenye kreni. Na wewe ndiye ulikuja kwangu ukalia, akiachishwa kazi mtaishije."

"Nililia, ndiyo. Sikukutuma."

"Marehemu alijua?" Mama Kwanini aliuliza.

"Hapana. Angekataa. Alipoyaona majibu alifurahi mno. Akanikumbatia."

Mama Kwanini alichukia alichobaki nacho cha kuuliza, lakini aliuliza. "Asubuhi ile alikuja zahanati?"

Mjane alimgeukia ndugu yake.

"Alikuja," muuguzi alisema. "Alisema kifua kinabana na mkono unakufa ganzi. Ningemwandikia hospitali, wangempima upya, na ya kichupa yangejulikana. Nikamwambia ni gesi. Akasema, 'Kweli, mimi si nina moyo mzima, nilishapimwa.' Nikampa dawa ya tumbo, akapanda juu."

Mjane hakulia. Alimtazama mdogo wake, ambaye yeye ndiye alimlea tangu mama yao afariki, kisha akavaa viatu.

"Mtoe hapa, afande," alisema. "Nakwenda kuwachukua watoto, na sitaki wamkute mjomba wao nyumbani kwa baba yao."