Hai ya Frednand

"Tenkan," ilisema redio.

Raya akakanyaga breki. Pikipiki yake ya Boxer iliyumba katika vumbi jekundu, tairi la nyuma likateleza, kisha likashika.

Geuka. Ndiyo maana ya neno lile la Kijapani.

"Mwalimu, nimekaribia," alisema. "Nyantakara ile pale. Naona mabati."

"Tenkan, Laya. Fuso limeondoka Mugoma. Ludi njia panda."

Raya aliyatazama mabati yaking'aa ng'ambo ya mashamba ya mihogo. Huko ndiko kifungo cha shati la Frednand, mwenzake wa kazi, kilikotuma ishara yake ya mwisho kabla ya kuzimika. Kwa macho kilikuwa kifungo cheusi cha kawaida. Raya mwenyewe ndiye aliyekishona, akaukata uzi kwa meno, na Frednand akasema leo angalau amepata mtu wa kumshonea, mama yake sasa haoni tundu la sindano.

"Hai," alijibu.

Ndiyo, kwa lugha ile ile. Akageuka.

Ngara mjini watu walimjua Raya kama muuza vitenge, na vitenge aliuza kweli, katika duka ambalo babu yake alilifungua alipohamia kutoka Tanga. Wasichokijua ni bastola ya Bereta iliyolala chini ya majora, na kipokezi kilichokaa sikioni mwake ndani ya hijabu, kidogo kama punje ya mahindi.

Frednand alikuwa mtoto wa wakulima wa Mugoma. Idara ya usalama ilimpandisha kwenye Fuso la wasafirishaji wa magendo awe utingo. Alipakia ndizi, akashusha ndizi, akatukanwa, akavumilia. Mpaka alipojua kwamba safari hii chini ya ndizi kutakuwa na vilipuzi, na kwamba Fuso litaegeshwa katikati ya gulio la Biharamulo watu wakiwa wamejaa. Waliopanga hayo walikuwa wageni. Walitaka watu wa huku na wa ng'ambo ya mpaka wanyosheane vidole, kisha wanyosheane mapanga.

Alituma habari hiyo alfajiri. Tangu hapo, kimya.

Njia panda hapakuwa na mtu. Kulia ilikwenda lami. Kushoto ilikwenda barabara ya vumbi ya Kaniha, inayopita mashambani na kutokea Biharamulo kwa nyuma. Fuso lingepita moja kati ya hizo. Askari waliokuwapo walitosha kuziba moja tu.

"Mwalimu, nipo njia panda."

"Subili hapo."

Mwalimu alikuwa Luhende, Msukuma mwenye mvi, mkuu wao sasa. Zamani aliwafundisha aikido katika ghala la pamba lililotandikwa magodoro, na Kijapani cha mle ghalani ndicho alichokifanya lugha ya redio, kwa kuwa hakuna mlanguzi wa milima hii ambaye angekielewa. Irimi, ingia. Tenkan, geuka. Omote, mbele. Ura, nyuma. Yame, acha. Kulikuwa na neno moja la yule anayekubali kuangushwa, hilo walikubaliana libaki huko huko Japani, maana kwa Kiswahili huwezi kulitamka mbele ya wakwe.

Luhende hakuiweza r. Alisema ilimi, alisema ula. Frednand, Mhangaza, hakuiweza l, sawa na Wajapani wenyewe.

"Wajapani ni wajomba zangu, Mwarimu," Frednand alimtania. "Wewe hii rugha inakukataa."

"Lugha yenyewe hujui kuitaja," Luhende alimjibu, na ghala zima likacheka.

Mgeni yeyote aliyeingia ghalani kwa woga, Frednand ndiye aliyejitolea kuangushwa naye. Alianguka kwa kishindo kikubwa makusudi, ili mgeni adhani ana nguvu. Raya alikuwa mmoja wa wageni hao. Alikuja kugundua baadaye sana, wala hakumwambia kwamba amegundua.

Redio ikakwaruza.

"Raya. Ni Frednand."

Akakibana kipokezi sikioni.

"Nimewatoroka," sauti ilisema. Ilikuwa sauti yake, lakini yenye mdomo uliovimba. "Mzigo unapita omote. Nasema omote, barabara ya rami. Mwarimu apereke watu wote huko."

"Uko wapi?"

"Porini. Usinifuate."

"Umeumia?"

Mkwaruzo. Pumzi.

"Usijari, Raya. Niko hai."

Ikakatika.

Luhende akaingia hewani papo hapo, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Umesikia, Laya? Yuko hai! Fledinandi wetu yuko hai." Nyuma yake milango ya Land Cruiser ilikuwa ikifungwa, askari wakiitana kwenda lami. Mzee alikuwa anacheka, au analia.

Raya hakucheka.

Alikumbuka siku moja ghalani. Mtu alikuwa ameuliza hewani kama mwenzake amepona, akajibiwa "hai", na ikachukua muda mrefu kujua kama ni ndiyo ya Kijapani au ni uzima wa Kiswahili. Luhende akakasirika. Kuanzia leo, alisema, hai ni ndiyo basi. Mtu akiwa mzima, semeni mzima. "Na atakayesema niko hai?" Frednand akauliza, akiwa chini godoroni. "Huyo," Luhende akamjibu, "ana bunduki kisogoni. Lolote aliloambiwa aseme, ligeuzeni."

"Mwalimu," Raya alisema.

"Naongea nao, subili."

"Mwalimu. Amesema niko hai."

Kicheko kikakatika.



"Labda amesahau," Luhende alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Frednand asahau?"

Raya akamsikia akiwaambia askari wake, "Yame." Hakuna aliyemwelewa. "Yame, yame," akarudia, mpaka mmoja akauliza anasemaje, ndipo akapata Kiswahili. "Zimeni magali. Si lami."

"Ni ura," Raya alisema. "Kaniha. Unaweza kulifikia Fuso?"

"Hapana. Ni wewe tu."

"Na Nyantakara?"

"Ni wewe tu."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Nyantakara ilikuwa karibu. Angefika huko kabla chai haijachemka. Angeingia nyumba ile kwa mlango wa nyuma, na pengine angemkuta.

Pengine.

"Sikuamulu, Laya," Luhende alisema taratibu. "Siwezi kukuamulu."

"Najua, Mwalimu."

Akapiga gia. Akaenda kushoto.

Daraja la Kaniha ni la mbao, juu ya mto mwembamba. Raya aliilaza Boxer katikati yake, akasimama upande wa pili. Bereta aliiacha kiunoni. Risasi moja ikienda vibaya, daraja, ndizi na yeye mwenyewe vyote vingepaa.

Fuso halikupunguza mwendo. Liliivaa pikipiki, likaikokota, chuma kikanaswa chini ya ekseli, na gari likaegemea ukingo wa mbao kama mlevi aliyeshika ukuta.

Dereva alishuka na wenzo wa tairi. Alikuwa Bulugu, jitu la mabega. Alikuwa amewahi kununua doti dukani kwake.

"He, dada wa vitenge," alisema. "Biashala imekuleta mpaka huku?"

"Leo nagawa bure."

Wenzo ukashuka. Raya hakurudi nyuma. Aliingia ndani ya pigo, karibu kabisa, bega kwa bega, na Bulugu akajikuta anapiga mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mkono wa Raya ukamshika kidevu, ukamwinua, ukamweka chini. Mbao zililia.

Irimi.

Mlango wa pili ukafunguka. Mgeni mmoja mwembamba, suti ya kijivu, Tecno ndogo mkononi. Hakuwa anapiga simu. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.

"Kaa mbali," alisema kwa Kiswahili cha vitabuni. "Nitatulipua sote."

Raya akakaa mbali. Akainua mikono, akapiga magoti, akainamisha kichwa hadi mbao, kama walivyofanya ghalani kabla ya mazoezi. Mgeni akatazama, asielewe. Alidhani anamwomba.

Akasogea hatua moja amwone vizuri.

Ilitosha. Raya aliinuka na kifundo cha mkono wa mgeni, akakigeuza nje, ile mbinu ya kotegaeshi, na kikalia kama kijiti cha mhogo mkavu. Tecno ikaruka juu ya ukingo, ikatumbukia mtoni.

Aliwafunga wote wawili kwa kitenge alichokichana. Wakulima wakatoka mashambani na majembe yao, hawakuuliza maswali, wakasimama kuwalinda.

"Mwalimu. Mzigo umesimama."

"Laya."

"Watu wa kwenda Nyantakara?"

"Niliwatuma. Bado wako mbali."

Mkulima mmoja aitwaye Habimana alimtazama usoni, akatua mzigo wa kuni aliokuwa ameufunga kwenye baiskeli. "Panda," alisema. Alimwendesha njia nzima, milima kwa mabonde, bila kuuliza wanakwenda kufanya nini. Penye mteremko mkali alishuka na kuishikilia baiskeli ili asirushwe.

Nyumba ya mabati ilikuwa wazi. Waliokuwamo walikuwa wamekwenda zao. Uani, kivulini, alikaa bibi kizee akipunga tawi la mpera juu ya kitu kilichofunikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Aliacha kupunga kidogo, akaanza tena. "Ni wako?"

"Ni wangu."

"Mimi ni Niragira, wa nyumba ile ya nyasi. Inzi walikuwa wengi. Nikasema asilale hivi kama hana kwao." Khanga aliyomfunika ilikuwa ndiyo nzuri, ya kanisani. Alikuwa amemfumba macho na kumfuta uso. "Nilimpa maji walipotoka nje kuvuta sigara. Alikunywa kidogo, akaniambia asante mama. Kisha wakamrudia, wakamsemesha kwenye chombo."

"Ulimsikia?"

"Nilisikia. Alipomaliza kusema, alicheka. Ndipo walipokasirika. Mtu amevunjwa vile, anacheka nini?"

Raya alichuchumaa. Alikishika kifungo cheusi cha shati, akakiachia.

"Bibi, mimi ni Mwislamu. Yeye alikuwa Mkatoliki. Unajua ya kumsomea?"

Niragira alijua. Aliyasema kwa Kirundi, polepole, yote mpaka mwisho, na Raya akabaki amechuchumaa, mikono imefunguliwa kwa namna ya kwao. Habimana alivua kofia.

Redio ikanong'ona sikioni. "Laya. Wamepiga simu kutoka juu. Yule mgeni anachukuliwa na watu wa kwao jioni hii. Hakuna kesi. Na mama yake Fledinandi aambiwe mwanawe alianguka kwenye gali."

"Nani atamwambia mama Domisiana?"

"Nitatuma mtu."

"Nitakwenda mimi."

"Utamwambia nini?"

"Hayo hayo, Mwalimu. Unataka nimwambie nini?"

Akakizima kipokezi.

Askari walipofika kumchukua Frednand, bibi alikataa khanga yake iondolewe. Aende nayo, alisema. Kisha akamtia Raya mkononi viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, bado vya moto. "Kula njiani."

Raya alikung'uta vumbi, akarekebisha hijabu, akaenda kwa miguu mpaka lami. Hakugeuka. Gari moja lilisimama mbele yake, likawashusha wanawake waliotoka gulioni Biharamulo, makapu kichwani, wakilalamika jua na madereva.

"Shikamooni," Raya alisema. "Gulio lilikuwaje?"

"Marahaba. Aa, mwanangu, leo lilikuwa bovu," alisema mmoja, akisonya. "Dagaa ghali, nyanya zimeoza. Bora ningelala nyumbani."

"Pole, mama."

Akawapisha wapite, akaifuata lami kuelekea Mugoma.