Kinyozi na Bibi wa Kitabuni

Baba ni kinyozi. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Aliazima maktabani kitabu kuhusu bibi mmoja mpishi, aliyetekwa akapakiwa melini, kisha akawaongoza watumwa wenzake kuasi. Baba alikisoma akalia. Tangu siku hiyo, kila mteja alinyolewa na kusimuliwa.

Wiki ya kwanza bibi alikuwa shujaa wa zamani. Wiki ya pili akawa wa ukoo wetu. Wiki ya tatu Baba alitazama picha ya jalada, akagusa pua yake mwenyewe, akasema zinafanana.

Mwalimu wangu alisikia yote, kichwa nusu kimenyolewa. "Ijumaa njoo uwafundishe wanafunzi historia hiyo," alisema.

Nilikosa raha. Darasa letu likikucheka, hucheka mpaka umalize shule.

Mama alikuwa anakunja nguo. "Baba watoto, bibi alikufa peke yake?"

"Peke yake, gizani, chini ya meli."

"Basi hayo mawazo yake ya mwisho yaliyomo kitabuni, aliyasikia nani?"

Baba alikichukua kitabu. Akavaa viatu.

Tukaenda maktaba. Mkutubi alifungua kurasa za mwisho. "Soma hapa, kaka."

Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba bibi huyo ni wa kubuni.

"Kwa hiyo nimemlilia mtu ambaye hakuwepo?"

"Hujakosea kulia. Maasi ya namna hiyo yalitokea kweli. Riwaya inakuonjesha maisha yao." Akaweka kitabu kingine mezani. "Hiki kimetoka kwenye barua, kesi na daftari za meli. Kina majina ya watu weusi waliokuwepo. Visome vyote viwili, na kila mara angalia nyuma ya kitabu mwandishi alipata wapi habari zake."

Ijumaa Baba alisimama mbele yetu na vitabu viwili. "Hiki ni cha kubuni. Hiki ni cha kweli. Na bibi si wa ukoo wangu, nilijipachika."

Darasa likaangua kicheko. Nikainamisha kichwa.

Kisha akafungua kile cha kweli, akasoma majina, moja moja, polepole. Kicheko kikaisha. Niliinua kichwa, nikaona fahari kuwa mwanawe. Kengele ilipolia, wanafunzi waligombania nani aazime kwanza.

Siku hizi Baba akimwambia mteja, "Kaa, dakika tano tu," mteja humwuliza, "Hizo dakika tano ni za kweli au ni riwaya?"