Gari Jeusi Kwenye Mashine ya Baba

"Toka kwenye hicho kiti! Nimeshakuambia leo tunafagia, hatuchezi."

"Bado kidogo, dada."

"Bado kidogo yako imeanza asubuhi. Umekuwa dereva wa rais?"

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu hakuwahi kuikanyaga, hakucheka. Aling'ang'ania usukani wa ile mashine kongwe ya mbio za magari, macho yamemtoka. Marehemu baba yao aliwaachia ukumbi mzima wa mashine za michezo, lakini watu walitoka mbali kuifuata mashine hiyo moja, ijapokuwa kiti chake kilikuwa kimechanika.

Dada akaona huu sasa ni utani uliopitiliza. Akainama nyuma ya mashine achomoe waya.

Waya ulikuwa sakafuni. Haukuchomekwa popote, na mashine inanguruma.

"Breki," akanong'ona, "nani kachomoa?"

"Niliikuta hivyo hivyo, inawaka."

"Na ukakaa?"

"Niliona mchezo wa bure, dada."

Ndipo harufu ya tairi linaloungua ilipompiga puani. Kwenye kioo, nyuma ya gari jekundu la mdogo wake, lilifuata gari jeusi. Mchezo ule haukuwa na gari jeusi. Yeye alikuwa ameucheza tangu utotoni, angelijua.

"Nikipunguza mwendo linanisogelea, na likisogea kifua kinabana," Breki alisema, machozi yakimtiririka. "Mikono haibanduki."

Dada alimvuta mabega, akamvuta kiuno, akavuta kidole kimoja kimoja, na kadiri alivyovuta ndivyo ngurumo ilivyopanda na harufu ilivyozidi, hadi kuta zikatetemeka, na katikati ya hofu ile akaikumbuka sheria ya baba, aliyoiweka ili vijana wasigombane: hakuna anayeachia usukani mpaka anayemfuata aseme ni zamu yake. Kama humo ndani mlikuwa na jini, basi lilikuwa limekaa na wachezaji miaka yote na kuishika sheria hiyo kuliko wao.

"Dada, usiseme," Breki alinong'ona. Alikwisha kumsoma usoni.

"Nyamaza. Mimi ndiye mkubwa." Akavuta pumzi. "Zamu yangu."

Mikono ya Breki ikaachia, akaanguka chini kama gunia. Dada alijikuta ameketi bila kujua ameketije, usukani una joto kama mkono wa mtu, na mguu wake umekanyaga mafuta.

"Kimbia kamlete mganga! Usinitazame, kimbia!"

Hakuweza kugeuza shingo. Alisikia miguu ya mdogo wake ikikatiza ukumbi, akasikia komeo likivutwa na mlango ukilia kwenye bawaba zake, akangoja kelele za mtaa wa mchana ziingie, za wauzaji na watoto na pikipiki, lakini kilichoingia kilikuwa upepo mkavu wenye harufu ya tairi, na miguu ya Breki ikasimama kizingitini.

"Dada," alisema kutoka mlangoni, "mtaa haupo. Nje ni barabara ile ile ya kwenye mchezo, na gari jeusi limesimama hapa, limenifungulia mlango."