Hakuna Aliyesema Kata

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya njiti ya kiberiti iliyopulizwa sasa hivi, na ndani ya nyumba ile hakuna mtu aliyewasha kiberiti tangu asubuhi.

"Nani anavuta sigara humu?" mama mwenye nyumba aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna, mama," kijana wake akajibu. "Nyamaza kidogo, tunarekodi."

Basi mama wa watu akanyamaza, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa siku ya tatu ananyamazishwa. Saa nne ya asubuhi, jua kali nje, sebule yake ilikuwa imegeuzwa usiku: mablanketi yote ya nyumba yamepigiliwa misumari madirishani, makochi yamesukumwa ukutani, taa imefunikwa karatasi ya buluu. Kijana alikuwa anatengeneza filamu ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja, ya jini aliyetumwa kuitia hofu familia moja, akakuta wenyewe wakorofi kuliko yeye. Tena jini mwenyewe anaogopa mende.

Wenzake walimwita Bosi, kwa kumtania, maana hakuwa na hata kigoda cha kukalia. Alikuwa na mpiga picha mmoja, ambaye siku zote kazi yake ni harusi, na fundi redio aliyeshika kinasa sauti, masikio yamefunikwa na hedifoni kubwa kama vifuniko vya sufuria. Jini alikuwa dada yake, kitindamimba wa mama yule, msichana wa miaka kumi na tisa asiyeweza kumaliza sentensi bila kucheka. Walimpaka unga usoni na masizi machoni.

"Jini gani huyu?" mpiga picha alimchokoza. "Umekaa kama ukuta uliopakwa chokaa nusu, fundi akaenda zake."

"Na wewe umekaa kama bwana harusi aliyekimbiwa!"

Wakacheka wote. Kisha Bosi akasema, "Anza!" na msichana akaacha kucheka.

Hakuacha kidogo kidogo, kama mtu anayejikaza. Kicheko kilikatika mara moja. Shingo ikageuka polepole, na sauti ikamtoka nzito, kana kwamba anasemea ndani ya pipa tupu. Fundi redio alivua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena. Bosi aliposema, "Kata!" binti akashtuka kama aliyeamshwa, akaomba maji, akanywa vikombe vitatu mfululizo. Wanaume wakampigia makofi.

Mama alikuwa amechungulia mlangoni. Akamvuta mwanawe pembeni. "Baba, yule siye dada yako. Nimemzaa mimi, najua anavyopumua."

"Mama, hiyo ndiyo inaitwa kuigiza."

Lakini jioni msichana mwenyewe alimfuata uani, unga bado umemganda kwenye nyusi. Alinong'ona huku anatazama nyuma.

"Kaka, ukisema anza, nasukumwa. Kama mtu anaingia mlangoni na mimi niko mlangoni. Naenda kukaa mahali pa giza, sioni kitu, nasikiliza tu. Ukisema kata, ndipo napata njia ya kurudi."

"Umechoka, mdogo wangu. Kimebaki kipande kimoja tu."

"Sawa. Ila usichelewe kusema. Nakuomba, kaka."

"Sitachelewa."

Kipande chenyewe kilikuwa cha jini kumwona mende na kupanda juu ya meza kwa mayowe. Kesho yake Bosi akasema, "Anza," na yule aliyesimama pale hakupiga mayowe wala hakupanda meza, bali aliinama taratibu, akamwokota mende aliyekufa waliyemweka sakafuni, akamweka kiganjani, akamtazama, na ile harufu ya njiti ikajaa sebule nzima hata mama jikoni akaacha kisu, na mende yule aliyekufa tangu juzi akaanza kuchezesha miguu, mmoja, kisha mwingine, na Bosi aliyaona yote hayo kwa macho yake, akajua wazi kwamba apaswa kusema lile neno, lakini akajiambia kitu kama hiki hakipatikani mara mbili, ngoja kidogo, ngoja kidogo tu.

Kamera ikazimika.

"Betri!" mpiga picha akapiga kelele.

Wote watatu wakaivamia kamera. Imehifadhi? Haijahifadhi? Nilikwambia uichaji! Mimi? Si wewe! Wakabishana, wakafungua, wakapuliza, wakafunga. Walikaa robo saa hivi, wamempa mgongo. Bosi alipokumbuka, alitazama nyuma. Msichana alikuwa amesimama palepale, uso kaelekeza ukutani.

"Kata," akasema. Hakutikisika. "Kata! Dada, kata!"

Akageuka. "Nikate nini?" ikauliza ile sauti ya pipa.

Walisema kata mpaka koo zikawauma. Mama alilisema kwa kulia, akilisema kama jina la mtoto. Siku ya pili wakamleta mganga, mwanamama mkavu asiye na maneno mengi. Alikaa mbele ya binti, wakatazamana muda mrefu. Kisha akafunga mkoba wake.

"Mimi nawatoa waliovunja mlango," alimwambia mama. "Huyu alifunguliwa, akapambwa, akapigiwa makofi. Sina la kumwambia."

Likabaki wazo moja, la Bosi: warudie kipande chote upya, kwa betri iliyojaa, wakikate inavyostahili. Mablanketi yakarudi madirishani. Wakampaka unga, naye akatulia, hata akainua kidevu wampake vizuri.

"Anza!"

Msichana akamwona mende, akaruka juu ya meza kwa mayowe, akajikwaa, akacheka. Kicheko chenyewe! Kile cha kukatisha sentensi! Mama akatupa mwiko, akaja mbio, akamkumbatia. "Mwanangu! Umerudi, mwanangu!"

"Kata!" Bosi akasema, machozi yanamtoka.

Kicheko kikafungwa kama bomba. Akaitoa mikono ya mama shingoni, mmoja mmoja, bila hasira, akakaa kwenye kochi.

"Mkitaka tena," akasema, "semeni."

Filamu haikuisha. Mpiga picha alirudi kwenye harusi zake, na fundi redio hapiti tena mtaa ule. Jioni, vyombo vikishaoshwa, mama huketi nyuma ya yule aliyekaa sebuleni, chanuo mkononi.

"Baba," humwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "sema anza. Dakika tano tu."

"Mama, siye yeye. Yeye yuko kule gizani, anatusikiliza."

"Najua. Sema."

Naye husema. Kicheko hujaa nyumba, na masimulizi, na utani wa zamani, na mama humsuka akicheka naye, ingawa kichwa kile, hata akikishika saa nzima, hakipati joto.