Bakteria wa Adwapa

"Sitaki mche, mama. Nataka udongo wake tu."

Muuza miche wa soko la Kejetia alimkodolea macho Adwapa, aliyechuchumaa na gauni lake la kitenge cha samawati. Nyuma yake mtu akacheka.

"Dada, wenzako Kumasi wananunua nyanya, wewe unanunua uchafu?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe, viatu vinang'aa.

"Uchafu huu una viumbe wengi kuliko ukoo wako wote."

"Najua. Kazi yangu ni kuwasoma hao viumbe kwenye kompyuta. Naitwa Boadi."

Katika udongo ule, kwenye maabara yake, Adwapa alipata bakteria aliyekaa kwenye mizizi ya nyanya na kuikinga na mnyauko. Boadi akazisoma jeni zake zote, akazilinganisha na za ndugu zake, ajue huyu ana nini ambacho wengine hawana. Kazi ikawaleta karibu, na simu zikamalizia.

"Mpenzi, umekula?"

"Kenkey na samaki. Mdudu wako anakusalimia."

"Mwambie asiniibie mume."

Mvua zilipokuja, nyanya za Maame Konadu, mama yake Adwapa, kule Akumadan, zilisimama wima huku za jirani zikilala. Mama alikoroga bakteria wa bintiye kwenye ndoo kwa mikono mitupu, akikohoa. Pumu ilikuwa yake tangu utotoni. Wazee wa Boadi wakaja kugonga mlango, kumposa Adwapa. Boadi alikula fufu ya Maame Konadu, akaomba supu tena, akamwita mama.

Kisha ukaja mkutano wa wanasayansi huko Accra. Adwapa alikaa mbele, akitabasamu. Boadi akapanda jukwaani.

"Bakteria huyu anaikinga nyanya kweli," alisema. "Lakini jeni zake zinafanana mno na za ndugu yake anayeshambulia mapafu ya wagonjwa hospitalini. Hafai kupelekwa shambani."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akatangaza kwamba kwa ugunduzi huo Boadi amepata nafasi ya kusoma Ulaya. Adwapa alikuwa tayari mlangoni, simu sikioni.

"Mama, usiguse ile dawa!"

"Mbona nimeinyunyizia asubuhi, mwanangu?"

Boadi alimkuta nje ya ukumbi.

"Ulijua lini?"

"Adwapa, nisikilize..."

"Lini, Boadi?"

Akainamisha kichwa. "Kabla hatujaja kugonga mlango."

"Ukala kwetu! Ukamsikia mama anakohoa, ukaomba supu!"

"Ningesema mapema, nafasi ya Ulaya angepewa mwingine. Na niliogopa utanichukia, kazi yako imeharibika."

"Kazi? Ungeniambia, ningekukumbatia!"

Maame Konadu alipimwa, mapafu yakakutwa salama. Adwapa na mama yake waling'oa nyanya zote wakazichoma, na Adwapa mwenyewe akapita kwa majirani kuwaeleza. Boadi alipiga simu kila siku. Jioni moja Adwapa akapokea.

"Mpenzi, si mama ni mzima? Turudi tulipokuwa, nakusihi."

"Ulichosema jukwaani ni kweli. Nimemwambia kila mtu hivyo."

"Basi?"

"Mtu anayeweza kuniangalia usoni na jambo kama lile moyoni, siwezi kulala naye kitanda kimoja. Safari njema, Boadi."

Akakata, machozi yakamtoka. Maame Konadu alitoka jikoni, akakaa kando yake kwenye benchi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mbona na wewe unalia, mama?"

"Niache," alisema mama. "Hata mimi nilishamzoea."