Kamba Haikukatika

Maoni ya pembeni kwenye rasimu ya tasnifu yake yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Sixten Hallgren aliyafuta yote kwa mkupuo mmoja Jumanne asubuhi, akajinyoosha kitini, na kompyuta ikamwonyesha kwamba limebaki moja.

Lilikuwa ukurasa wa tano, pambizoni, ndani ya kisanduku chekundu. Lilining'inia kwenye sentensi ya shukrani ambayo Sixten alikuwa ameiandika kwa uangalifu kuliko tasnifu nzima: "Kwa kumbukumbu ya mwenzangu Torun Lidbeck, aliyezama ziwani baada ya kamba kukatika." Kisanduku kilikuwa na herufi T na L, na chini yake neno moja tu.

*Haikukatika.*

Torun alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini. Walikuwa wanafunzi wa udaktari wawili, ofisi moja, meza zinatazamana, kazi yao kuchimbua tope la chini ya maziwa na kusoma umri wake. Walisomeana rasimu kila mwanzo wa wiki. Torun alikuwa msomaji asiye na huruma. Hakupita kwenye uongo hata uwe mdogo vipi bila kuutundikia swali pembeni, na Sixten alikuwa akimchukia kwa hilo kila Jumatatu.

Akajiambia ni la zamani, lilikuwa limejificha. Akapeleka mshale juu ya kisanduku aone liliandikwa lini. Ijumaa, saa saba mchana, ya wiki hii hii, siku ambayo ilikuwa haijafika. Hiyo ndiyo saa aliyopangiwa kupigilia.

Kwetu chuoni tasnifu hupigiliwa ukutani kwa msumari, wiki tatu kabla ya utetezi, ili mwenye neno la kuipinga apate kujitokeza. Kitabu hutobolewa pembeni, hupitishwa uzi, na mwenyewe hushika nyundo mbele ya watu. Siku hizi hakuna anayejitokeza kupinga. Watu huja kula keki. Lakini asiyepigilia hatetei, na Sixten alikuwa na miaka saba ndani ya kitabu kile na kazi iliyokuwa ikimsubiri Juni kwa sharti kwamba awe daktari.

Akafuta kile kisanduku. Alipofungua faili tena baada ya kahawa, kilikuwepo.

Hata kahawa yenyewe ilikuwa na kasoro. Wote walikaa kwenye meza ndefu ya jikoni na mikate ya mdalasini, jua la Mei limejaa dirishani, na yeye peke yake akasikia kinywani ladha ya maji ya ziwa.

"Ragnhild, husikii harufu ya tope?"

Ragnhild Tideman, profesa wake, hakuinua hata macho. "Miaka saba unafukua tope, bwana, ulitaka unukie waridi?"

Meza nzima ikacheka. Sixten akamsubiri koridoni, akanong'ona. "Kuna maoni ya Torun kwenye faili langu. Nikiyafuta yanarudi."

Ragnhild akasimama. "Kwenye sura ya nne?"

"Hapana. Kwenye shukrani."

"Basi shukuru." Akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Sikiliza we. Sura ya nne tulishaimaliza. Torun hana matumizi nayo, na idara hii inahitaji daktari mwaka huu. Safisha faili, lipeleke kwa wachapaji, na usinitajie tena hilo jina."

Sura ya nne ilikuwa ya Torun. Alikuwa ameituma kwa Ragnhild wiki mbili kabla ya kufa, na jina lake juu. Wiki mbili baada ya mazishi Ragnhild alimpa Sixten, bila jina. Hakuna aliyeuliza, na hiyo ndiyo aibu ya jengo letu, nami naisema wazi.

Jumatano Sixten alimwita Rauno Alatalo, fundi wa kompyuta, mtu wa Tornedalen kule mpakani na Ufini, mzito wa maneno. Rauno alitazama kisanduku, akang'oa waya wa mtandao, akazima na kila kinachotuma mawimbi. Wote wawili wakiwa wameweka mikono mapajani, chini ya lile neno yakaanza kutokea maneno mengine, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayeandika kwa vidole vilivyokufa ganzi.

*Nani alikuwa ameishika?*

"Huyu hajapita kwenye mtandao," Rauno akasema.

"Sasa kapita wapi?"

"Mlangoni. Angalia sakafu, rafiki yangu."

Nyayo za maji zilitoka mlangoni hadi kwenye kiti kilichokuwa cha Torun. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua linawaka, na nje wanafunzi walikuwa wakirushiana mpira kwenye nyasi.

"Mtoe," Sixten akasema. "Rauno, nakuomba. Una programu ya kumtoa?"

"Programu?" Rauno akatikisa kichwa. "Bibi yangu aliwatoa wa namna hii watatu, na kompyuta hakuijua. Huyu ameuliza swali. Hapa pana pa kujibu, unaona? Bonyeza, andika kweli, halafu weka alama kwamba limetatuliwa. Ataondoka."

"Kweli ipi?"

"Mimi nitajuaje? Sikuwepo ziwani." Akachukua begi lake, na mlangoni akageuka. "Ila usimdanganye. Huyo amekuja na hasira."

Sixten akabaki peke yake. Akaweka vidole kwenye vibonye, navyo vilikuwa na majimaji ya baridi, na mbele ya macho yake ukaja ule mchana wa Machi, barafu nyeupe, Torun anatambaa kuelekea kwenye tundu la kuchimbia, kamba ya buluu kiunoni, na ncha ya pili mikononi mwake yeye Sixten aliyesimama ufukweni, kwa sababu kanuni yao ya kwanza ni kwamba anayeshika kamba haiweki chini hata mkono ukatike kwa baridi. Aliwaza ile barafu. Akawaza Juni. Akaandika: "Ilikatika."

Kiti cha upande wa pili kikalia.

Hapo visanduku vikaanza kumiminika, kwanza ukurasa wa tano, kisha wa sita, kisha pambizo zote za kitabu kizima kutoka juu hadi chini, vyekundu, vimebanana, T na L, T na L, kila kimoja na saa ile ile ya Ijumaa, na chumba kikajaa harufu ya tope la chini kabisa, lile lisiloonja hewa kwa miaka elfu, hata Sixten akaziba pua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akatafuta juu ya programu pale pa kuchagua utazame faili vipi, akabonyeza "bila alama," na kurasa zikawa nyeupe, safi, tulivu.

Kila aliyewahi kuandika kwa kompyuta anajua, akiwa ametulia, kwamba kilichofichwa hakijafutwa. Sixten hakuwa ametulia. Alipeleka faili kwa wachapaji hivyo hivyo, akaenda nyumbani akalala na taa zote zinawaka.

Ijumaa maboksi yalifika. Alifungua kitabu kimoja, pambizo nyeupe, akakaribia kulia kwa furaha. Ukurasa wa kwanza Ragnhild alikuwa ametia saini chini ya maneno ya desturi, "Ruhusa kupigiliwa." Gunvor wa ofisini akatoboa tundu, akapitisha uzi wa pamba. Tulikuwa watu thelathini ukumbini, na mimi nilikuwa tayari nimeshajikatia keki.

Sixten akapiga msumari mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, saa ya ukutani ikagonga saa saba, na maji yakatoka kwenye tundu la msumari.

Yalikuwa machache, meusi. Yalishuka ukutani yakaingia kwenye kitabu, na pambizo zikavimba wekundu kama ngozi yenye upele. Gunvor akasogea, akavaa miwani.

"Sixten, haya ya pembeni ni yako?" Akasoma kwa sauti, maskini, bila kujua anachosoma. "'Barafu ilipopasuka nilivuta kamba mara tatu. Ikaja yote mkononi mwangu, nzima, na kwenye ncha yake hapakuwa na mtu.'"

Hakuna aliyetafuna.

Sixten akarukia kitabu akishushe, akavuta, na uzi ule wa pamba, uzi ambao mtoto angeukata kwa meno, ukakaza, ukamzunguka kifundo cha mkono, akavuta kwa uzito wake wote, miguu ikiteleza kwenye maji yaliyokuwa yakienea sakafuni, na uzi ukazidi kumla nyama na kumvuta juu kuelekea ule msumari, na kutoka ndani ya ukuta, sisi sote tulisikia, sauti ya mwanamke ikamwita kwa jina mara tatu, bila kelele, kama mtu anayejua anasikika.

"Haikukatika!" akapiga kelele. "Niliiacha! Nilikuwa naona baridi, nikaibana chini ya jiwe, nikaenda garini kunywa kahawa. Nilimsikia akiniita, Mungu wangu, nilimsikia, nikakaa garini hadi akanyamaza. Halafu nikaiokota kwenye ukingo wa lile tundu, nikaikata kwa kisu, ionekane imekatika. Na sura ya nne si yangu. Ni ya Torun."

Uzi ukalegea. Akaanguka chini majini akilia, na mtu mmoja nyuma akatoa simu kuita polisi. Kitabuni visanduku vikaanza kufifia, kimoja kimoja, kijivu, halafu vikaisha.

Ragnhild akapiga makofi mawili. "Jamani, huu ni uchovu, mnajua hali ya watu mwisho wa tasnifu. Kila mtu arudi kazini. Hiki nakichukua mimi."

"Usikiguse," Rauno akasema.

"Acha ushamba, Rauno."

Akakishika. Jalada likafunguka lenyewe ukurasa wa kwanza, na kando ya saini yake palikuwa na kisanduku kimoja kilichobaki, chekundu, kibichi.

*Sura ya nne uliisoma kwanza kwa jina la nani?*

Ragnhild akavuta mkono wake, tayari umezungukwa na uzi. Uzi haukukatika.